Mjumbe wa Kumi

Siku ya Jumanne, saa kumi na robo alasiri, Katibu alikuwa jikoni akikwangua ukoko wa sufuria aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa kidogo, kwa namna ya mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Alidhani ni binti yake karudi mapema kutoka kazini. Alipochungulia sebuleni aliona ni kijito. Kilikuwa kimekwishaingia, kimeuzunguka mkeka bila kuulowesha, kimekwenda kujibanza nyuma ya kabati la vyombo, na kilikuwa kinatetemeka mpaka vikombe vinagongana.

Kikijinyoosha, kijito hicho kilikuwa na urefu wa hatua mia sita, kutoka ukuta wa nyuma wa kiwanda cha rangi hadi kivuko cha waenda kwa miguu. Lakini aliyejikunja kwa woga hachukui nafasi. Katibu alirudishia mlango, akateremsha pazia, akasogeza beseni na ndoo mbili karibu na kabati, akasema, "Karibu. Hapa ni kwenu." Kisha akarudi jikoni, maana ukoko ukikauka ni kazi ya siku mbili.

Hakujiuliza kimeijuaje nyumba. Anwani alikipa yeye mwenyewe.

Miaka kumi na moja nyuma, wakazi tisa wa mtaa ule walikwenda kusajili Kamati ya Kulinda Kijito. Sheria ilitaka wajumbe kumi. Wa kumi, muuza magazeti, alikuwa ameitwa msibani asubuhi hiyo, na ofisi ya usajili ilikuwa inafungwa saa tisa. Saa tisa kasoro dakika kumi, yule mama waliyempa ukatibu kwa sababu tu mwandiko wake unasomeka aliijaza nafasi ya kumi bila kumuuliza mtu. Jina: Kijito. Kazi: kupita. Umri: hakumbuki. Kwenye anwani akaandika ya nyumbani kwake, kwa kuwa haikuwepo nyingine. Karani wa usajili aliisoma fomu yote, akauliza kama mjumbe huyu wa mwisho ni raia. Katibu akajibu kuwa kazaliwa hapahapa. Karani akapiga muhuri, akafunga dirisha.

Tangu siku hiyo kila kikao kilianza kwa kuitwa majina, kwa mpangilio wa fomu ileile, na jina la kumi lilikuwa Kijito. Walikuwa wakikutana ukingoni, kwa hiyo jibu lilisikika bila shida, na Katibu akaandika "kipo". Mwenyekiti, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva na mwenye maneno mengi kuliko barabara alizopita, hakuacha kusema kwamba huyo ndiye mjumbe pekee asiyechelewa. Watu walicheka mzaha huo kwa miaka kumi na moja, kwa adabu.

Katibu mwenyewe hakuwa msemaji. Kazi yake ya mshahara ilikuwa udobi katika hospitali, na katika vikao hakuongeza neno juu ya yale majina kumi. Barua zote ambazo Mwenyekiti alizitia saini aliziandika yeye. Matete yote ya ukingoni aliyapanda yeye, kwa jembe la kuazima. Na kila Jumamosi saa moja asubuhi alishuka bondeni na kipande cha shuka kuukuu la hospitali, cheupe, ukubwa wa kiganja. Alikizamisha majini, akahesabu hadi mia, akakianika juu ya tete, kisha akakibana kwa pini katika daftari na kuandika tarehe na rangi. Kiwanda kikiosha matangi yake, kitambaa kilitoka kijani au zambarau, na hapo barua ilikwenda. Kiwanda kikaanza kuosha matangi Jumapili. Katibu naye akawa anashuka Jumapili pia. Mwisho wakachoka wao. Vipele vya miguuni vya watoto wa mtaa vilikwisha mwaka ule, na watu wakasema ni hali ya hewa tu imebadilika.

Hayo ndiyo aliyoyafanya, na haikumpitikia kwamba yana jina.

Binti yake aliporudi jioni hiyo alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, kuna maji nyuma ya kabati."

"Si maji. Ni mgeni."

"Mgeni gani anakaa chini ya vyombo?"

"Mjumbe mwenzetu. Kaogopa."

Binti alivua viatu. Alikuwa mpokea wagonjwa katika zahanati ya macho, mtu aliyezoea kuuliza maswali kwa mpangilio. "Kaogopa nini?"

"Tingatinga limeletwa jana. Kiwanda kinapanua yadi ya malori. Wanataka kumwaga zege bonde zima."

"Na wewe? Wewe huogopi?"

"Mimi nilianza zamani," alisema Katibu.

Binti aliketi, akainua miguu juu ya kiti. "Mimi mzazi ninaye mmoja tu. Huyu mjumbe wako na aende kwa Mwenyekiti, kule kwenye vyumba vingi."

"Hakuandikishwa kwa Mwenyekiti."

Walipokuwa wanakula, kijito kilisogea kidogo kutoka nyuma ya kabati na kuacha kitu karibu na mguu wa meza. Ilikuwa spana namba kumi na nne, iliyozungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli mahali pa kushikia. Mama na binti waliitazama. Hakuna kati yao aliyeuliza ni ya nani. Binti alifunika chakula chake kwa sahani, akaenda chumbani, na Katibu akamsikia akiburuta kitanda chake kukiegemeza mlangoni.

Spana hiyo ilikuwa ya mjumbe wa tisa, fundi baiskeli, mtu mwembamba hata watu wakamwita Spoki. Spoki alikuwa kinyume cha Katibu. Alisema kila alilofikiri, mara nyingine kabla hajalifikiri. Miezi minane nyuma, Kiwanda kilipoita mkutano wa wakazi kueleza habari ya yadi, Spoki alimwomba Katibu daftari la vitambaa. Alilifungua mbele ya watu wote, akawa anayageuza majani moja moja: kijani, zambarau, kijani, nyeusi. "Haya ndiyo maji yenu," alisema. "Sasa mnataka kuyafunika ili kisionekane mlichokinya."

Watu walicheka. Afisa Uhusiano wa Kiwanda, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, hakucheka. Aliuliza swali moja tu. "Vitambaa hivi ni vya nani?"

Katibu alikuwa ameketi safu ya pili. Alijua ni zamu yake kusimama. Alijua pia kwamba ulimi wake ulikuwa umelala mdomoni na hautaki kuamka. Spoki alimtazama mara moja, haraka, kisha akageuka.

"Vyangu," alisema.

Mtu mwenye baiskeli kumi na tatu zinazomsubiri, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko, hawezi kushika kitambaa cheupe kikabaki cheupe. Kila mtu ukumbini alijua hilo. Afisa aliandika jina la Spoki, akamshukuru. Kesho yake gari jeupe lisilo na namba liliegeshwa mbele ya karakana ya Spoki. Lilikaa siku nne, vioo vimefungwa, injini inaunguruma. Siku ya tano hapakuwa na gari wala Spoki.

Jumamosi iliyofuata Katibu alishuka bondeni kama kawaida. Kitambaa kilitoka na doa la kahawia. Alikwenda nalo nyumbani, akalitia maji baridi na chumvi, kisha sabuni, kisha akajaribu maji ya moto, na doa likazidi kushika. Dobi wa hospitali haambiwi damu ikoje. Anaijua kwa harufu, anaijua kwa jinsi inavyoyakataa maji ya moto. Katibu alikibana kitambaa kile katika daftari, na kwenye nafasi ya rangi akaandika "kutu".

Na katika kikao kilichofuata, alipolifikia jina la tisa, mke wa Spoki akiwa ameketi nyuma na mikono mapajani, Katibu alijibu mwenyewe. "Udhuru," alisema, akaandika. Udhuru huandikiwa mjumbe aliyetoa taarifa kwamba hatafika. Aliandika hivyo miezi minane. Mke wa Spoki hakuwahi kuuliza udhuru huo uliletwa na nani. Alimtazama tu Katibu, kila kikao, mpaka kikafungwa.

Jumatano asubuhi kijito kilitoa kandambili ya mguu wa kushoto. Adhuhuri, kofia. Kilikuwa kinatoa kidogo kidogo, kama shahidi anayemwogopa hakimu. Katibu alivianika vitu hivyo juu ya dirisha la jikoni kwa ndani, ambako havionekani kutoka nje, akaenda zamu fupi ya mchana na kurudi.

Saa kumi na moja Afisa Uhusiano alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliketi kwenye kiti kilichotazamana na kabati. Alikuwa na bahasha kubwa, na aliishika kwa mikono miwili, kwa heshima. Katibu alisimama. Nyuma ya kabati vikombe vilianza kugongana.

"Nimekuja kukushukuru," alisema Afisa. "Wataalamu wetu wameshuka bondeni leo asubuhi. Unajua walikuta nini? Pakavu. Pakavu kabisa, mama, hata chura hakuna. Walikuwa na fomu ndefu ya mahali penye kijito, na ruhusa za huku na huku. Sasa wameandika mstari mmoja: hakuna kijito. Jumatatu tunamwaga zege."

Katibu akaelewa. Kijito kilikimbia kujiokoa, na kwa kukimbia kikawa kimewapa walichokuwa wanakitafuta. Hakuwa na mtu wa kumlaumu. Mlango alikifungia yeye.

"Bomba lako linavuja," alisema Afisa akitega sikio.

"Ndiyo."

"Ita fundi."

"Fundi hayupo," alisema Katibu.

Afisa alimtazama. Kisha akatabasamu na kuifungua bahasha. Ndani mlikuwa na cheti chenye ukingo wa dhahabu. Alikisoma kwa sauti: kwa kutambua miaka kumi na moja ya uongozi wa kujitolea katika mazingira, uongozi wa hekima na utulivu. Hafla ingefanyika Ijumaa saa tisa alasiri katika ukumbi wa mtaa, mbele ya kamati yake mwenyewe.

"Wengine walituletea maneno mengi," alisema. "Wewe miaka yote hiyo hatujawahi kusikia sauti yako. Sisi tunawapenda watu watulivu, mama. Mtu mtulivu huishi miaka mingi, huwaona wajukuu. Binti yako bado yuko pale zahanati ya macho?"

"Yupo."

"Mpe salamu. Ijumaa utasema neno moja tu: asante. Basi."

Alipoondoka, Katibu aliketi sakafuni. Kijito kilitoka nyuma ya kabati kikamzunguka, na wote wawili wakatetemeka pamoja kwa muda wa kama nusu saa. Binti aliporudi aliwakuta hivyo. Alizisikiliza salamu zake hadi mwisho. Alichukua kitambaa cha jikoni akamfuta mama yake miguu.

Tusimvishe ushujaa ambao hakuwa nao. Alhamisi nzima Katibu alikuwa na nia ya kusema asante. Aliifanyia mazoezi kazini, mbele ya mashine kubwa ya kufulia, mahali ambapo kelele haimruhusu mtu kujisikia. Asante. Asante sana. Nashukuru. Aliwaza nyumba yake ya vyumba viwili na jikoni, aliwaza mkoba wa binti yake ukiwa juu ya ndoano kila jioni. Mtu aliyekufa hafufuki kwa kutajwa. Hilo alilirudia mara nyingi, na kila alipolirudia aliona kofia iliyoanikwa dirishani haikauki.

Ijumaa saa tisa ukumbi ulikuwa umepangwa viti themanini na watu walikuwa kumi na wanane. Wengi wao walikuwa wa Kiwanda. Wajumbe wa kamati waliketi mstari wa mbele wakiwa wamevaa vizuri, wakitazama viatu vyao. Mke wa Spoki alikuwa nyuma kabisa, mikono mapajani. Binti alikuwa amebaki nyumbani, kwa maelekezo ya mama yake, kufunga mlango kwa ndani na kutomfungulia mtu.

Mwenyekiti alisimama kufungua hafla. Alikuwa na tabia moja aliyoipata katika ualimu wake: akiogopa, mguu wake wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwepo. Siku hiyo ulikanyaga tangu alipoinuka. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, badala ya kumkaribisha Afisa alisema kile alichokisema mwanzo wa kila kikao kwa miaka kumi na moja.

"Katibu, mahudhurio."

Katibu alifungua daftari. Alianza kuita. Mwenyekiti akaitika. Mweka hazina akaitika. Waliitika wote, sauti ndogo ndogo, hadi wa nane. Afisa aliangalia saa yake lakini hakukatiza, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Wa tisa," aliita Katibu. "Fundi Spoki."

Hapa ndipo kwa kawaida alipojibu mwenyewe. Ukumbi ulimngoja ajibu. Kalamu ilikuwa mkononi, nafasi ya kuandikia ilikuwa wazi, na neno lenyewe alilijua. Alijaribu kulitoa. Woga uliomfunga ulimi miezi minane iliyopita ulikuwa uleule, haukupungua hata chembe, ila safari hii ulimfungia neno lingine. Hakusema udhuru. Alinyamaza, na kimya chake kikawa kirefu hata watu wa Kiwanda wakaanza kugeuka kutazama nyuma.

"Wa kumi," alisema Katibu. "Kijito."

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa kidogo.

Kiliingia bila haraka, kikapita katikati ya viti, na waliokuwa kando ya njia waliinua miguu. Nyuma yake alikuja binti, viatu mkononi. Ndiye aliyekifungulia mlango wa nyumba; alieleza baadaye kwamba aliambiwa asimfungulie mtu wa nje, na huyu alikuwa anabisha kwa ndani. Kijito kilifika mbele, kikajinyoosha kadiri ukumbi ulivyoruhusu, na kikatoa kilichokuwa kimebaki. Kwanza baiskeli, gurudumu la mbele limepinda. Kisha Spoki mwenyewe. Alilala ubavu, mkono mmoja mbele, namna alivyozoea kulala chini kutazama mnyororo wa baiskeli ya mtu. Maji yalikuwa yamemtunza. Nyuma ya kichwa alikuwa na tundu ambalo baiskeli haiwezi kulitoboa.

Siku tatu Katibu alikuwa amelala ukuta mmoja naye.

Mke wa Spoki aliinuka kutoka nyuma, akaja akipita majini na viatu vyake vizuri, akaketi sakafuni karibu na mume wake. Alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Alikuwa amesubiri miezi minane kumfanyia mtu huyu jambo, na hilo ndilo lililokuwa karibu.

"Naona mabomba ya ukumbi nayo yana matatizo," alisema Afisa Uhusiano. Watu watatu au wanne walicheka, kwa sababu waliogopa kutocheka. Alikiinua cheti juu kidogo kisilowe. "Tuendelee. Mama, karibu utupe neno lako."

Katibu alikwenda mbele. Maji yalimfika kifundo cha mguu, na aliyasikia yanatetemeka, au alikuwa ni yeye. Alimwona binti yake amesimama mlangoni. Alitamani kumwambia binti akimbie. Akatamani pia kuwa mahali pengine, dobini, mbele ya mashine. Alifungua kinywa.

"Vitambaa ni vyangu," alisema.

"Vitambaa gani, mama?"

"Vile ulivyouliza. Alisema ni vyake. Ni vyangu. Vyote."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakukuwa na sauti nyingine. Mguu wa Mwenyekiti ulikanyaga breki, maji yakaruka. Afisa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolingoja muda mrefu na ambaye hana kinyongo na aliyelichelewesha. Alitoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono wake. Kisha akampa cheti, na watu wakapiga makofi, maana ratiba ilisema hapo ni makofi. Picha ilipigwa. Katika picha hiyo watu wote wana nguo zilizolowa kwenye pindo, na kila mtu anatazama mpiga picha.

Daktari aliyeletwa aliandika kwamba marehemu alianguka na baiskeli. Spoki alizikwa Jumapili. Jumatatu zege lilimwagwa bonde zima kama ilivyopangwa, kwa kuwa karatasi ilikwishasema hakuna kijito, na karatasi haikuwepo ukumbini. Ndani ya wiki tatu malori ishirini na mawili yalikuwa yameegeshwa mahali palipokuwa na matete.

Kijito kilirudi na Katibu nyumbani siku ileile ya hafla na hakikuondoka tena. Binti alinunua viti virefu kidogo. Jumamosi saa moja asubuhi Katibu aliendelea kuzamisha kitambaa, sasa nyuma ya kabati, na kilitoka cheupe kila wiki, kwa kuwa kule hakuna aliyekuwa akiosha matangi. Alivibana daftarini na kuandika "nyeupe". Kisha siku moja alirudi nyuma hadi kwenye kitambaa chenye doa, akalikata neno "kutu" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake neno la kweli. Alimfundisha binti yake kuhesabu hadi mia bila haraka. Binti alijua kwa nini anafundishwa.

Gari jeupe lisilo na namba liliegeshwa mbele ya nyumba Jumatatu ya wiki ya nne baada ya hafla. Vioo vilikuwa vimefungwa na injini ilikuwa inaunguruma.

Kikao cha mwezi kilifanyika Alhamisi, siku ya nne ya gari, sebuleni kwa Katibu, kwa kuwa ukingo haukuwepo tena. Wajumbe walifika mmoja mmoja, wakipita pembeni mwa gari bila kuligusa kwa macho. Walivua viatu mlangoni, wakapandisha suruali na sketi, wakaketi miguu ikiwa ndani ya kijito. Nafasi ya Spoki alikaa mke wake. Mwenyekiti hakufanya mzaha wowote.

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kile cha ukumbini. Alisoma kwa sauti yake ndogo, bila kuruka kitu. Mjumbe wa tisa, Fundi Spoki: alikuwepo, aliletwa na mjumbe wa kumi. Jeraha nyuma ya kichwa. Mjumbe wa kumi, Kijito: alikuwepo. Katibu alieleza kuwa vitambaa ni vyake. Afisa alitoa cheti. Alipomaliza, Mwenyekiti aliuliza, kama inavyotakiwa, kama kumbukumbu hizo ni za kweli. Nje injini ilikuwa inasikika vizuri. Watu walitazama miguu yao majini. Kisha mke wa Spoki akanyoosha mkono kuomba kalamu, akatia saini. Mweka hazina akatia. Walitia wote, na hakuna saini iliyofanana na ya kwenye kitambulisho. Mwenyekiti alitia mwisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuongeza neno. Alimrudishia Katibu daftari kwa mikono miwili.

"Yatokanayo?" aliuliza Mwenyekiti. Hapo ndipo wajumbe husema kitafanywa nini kuhusu yale waliyokwisha kuyathibitisha.

Mweka hazina alikohoa. Kijito kilipita taratibu kati ya vifundo vya miguu yao.

"Hakuna yatokanayo," alisema Mwenyekiti. Katibu akaandika: hakuna.

"Mengineyo?"

"Nina moja," alisema Katibu. Wote walimtazama, kwa sababu hakuwahi kuwa na moja. "Kikao kijacho binti yangu ataita majina, kama sitakuwepo. Naomba msiniandikie udhuru."

Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Alikishika kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayepinga ombi la Katibu. Hakuna aliyepinga. Liliandikwa, na kikao kikafungwa saa kumi na moja na dakika kumi, na wajumbe wakapangusa miguu na kuvaa viatu vyao.